Santuri, Kaseti na Kompyuta: Historia ya Kujifunza Kazi ya DJ katika Wilaya za Mbulu na Hanang

Kazi ya DJ, yaani mtu anayechagua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akazipanga na kuziunganisha ili watu wacheze au washerehekee, ni kazi changa katika nyanda za juu za Mbulu na katika tambarare zinazouzunguka Mlima Hanang, na wanaoandika historia ya sehemu hizo, ambao wamejaza kurasa nyingi kwa habari za ardhi, mifugo na mashamba ya ngano, ni nadra kuigusa. Kuachwa huko ni hasara, kwa sababu ukifuata namna vijana wa wilaya hizi mbili walivyojifunza kazi hiyo utakuwa umefuata pia habari za umeme, barabara, redio na lugha katika eneo lenye makabila mengi, na utaona jinsi dhana iliyoenea, kwamba kompyuta imeifanya kazi ya DJ kuwa ya mtu yeyote, isivyo na msingi. Kila chombo kilichoingia Mbulu na Hanang kiliondoa ugumu mmoja na kuacha mwingine mahali pake, na ugumu ulioletwa na kompyuta ndio unaomdai mwanafunzi maarifa mengi kuliko yote yaliyotangulia.

Mbulu na Hanang zilikuwa wilaya moja mpaka Hanang ilipotengwa mwaka 1969, na zote zilihesabiwa ndani ya Mkoa wa Arusha hadi Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002. Wairaqw, ambao majirani wengi huwaita Wambulu, ni wakulima na wafugaji wanaozungumza lugha ya jamii ya Kikushi. Wadatooga, ambao Wabarbaig wa Hanang ni tawi lao kubwa, ni wafugaji wa lugha ya Kiniloti. Upande wa Singida wako Wanyaturu na Wanyiramba, ambao lugha zao ni za Kibantu. Na kuelekea Ziwa Eyasi wako Wahadzabe, ambao lugha yao yenye sauti za kidoko haina ndugu katika hizo nyingine zote. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, yaliyoendeshwa na Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970 na 1980, yaliongeza wafanyakazi wa mshahara kutoka mikoa mingine, huku yakiwanyang'anya Wabarbaig malisho yao bora, jambo lililozaa kesi na uchungu ambao haujaisha. Kwa hiyo mkusanyiko wa watu Katesh, Haydom au Dongobesh unaweza kuwa na watu ambao hawana lugha yoyote ya pamoja isipokuwa Kiswahili, na ambao kila mmoja wao amekulia katika desturi tofauti ya kuimba na kucheza.

Desturi hizo zilikuwepo kabla ya mashine yoyote. Wairaqw wana slufay, ambayo ni dua ndefu ya kishairi inayosomwa katika mikutano na kwenye vikao vya pombe ya kienyeji, ambapo mzee mmoja hutamka baraka kipande baada ya kipande na waliokusanyika humwitikia kwa sauti ya pamoja, naye huendelea akiwa anausikia mwitikio wao. Wadatooga wana bung'eed, maziko ya heshima ya mzee mashuhuri, ambaye kaburi lake hujengewa kichuguu kirefu cha udongo kwa muda wa miezi kadhaa, na ambayo hukusanya koo kutoka mbali kwa ibada na nyimbo. Si sahihi kudai kwamba DJ wa leo ametokana moja kwa moja na mwongoza slufay, kwa maana hakuna mnyororo wa ufundi unaowaunganisha. Lililo sahihi ni kwamba watu waliolelewa katika desturi ambapo kiongozi wa sauti hupimwa kwa namna anavyoitikiwa walikuja na kipimo hicho hicho mbele ya spika, na mwanafunzi wa kazi ya DJ aliyekipuuza hakukodiwa mara ya pili.

Sauti iliyorekodiwa iliwafikia watu wengi kwanza kwa njia ya redio. Kituo cha utangazaji kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1951 kilifanywa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na kwa takriban miaka 30 iliyofuata sauti iliyosikika kihalali Tanzania Bara ilikuwa ya serikali tu, mpaka sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango na Radio One ikaingia hewani mwaka 1994. Radio Tanzania ilirekodi bendi katika studio yake yenyewe, ikazipiga nyimbo hizo kutwa, na kwa vipindi vya salamu ikawazoesha wasikilizaji wa nchi nzima kutuma majina ya ndugu na jamaa ili yasomwe pamoja na wimbo. Desturi hiyo ya kumpa mtu wimbo kwa jina lake hadharani ilihamia baadaye kwenye sherehe, na hadi leo DJ wa harusi hupokea vikaratasi au ujumbe wa simu vyenye majina ya mashangazi na wajomba wanaotaka kutajwa. Katika vijiji ambavyo nyumba chache tu zilikuwa na redio, mwenye redio ndiye aliyeamua ifunguliwe lini na izimwe lini, kwa sababu betri ziligharimu fedha, na katika uamuzi huo mdogo wa kuchagua kipindi cha kuwasikilizisha majirani ndimo ilimoanza kazi ya kuchagulia watu wengine muziki.

Santuri zilifika kwa uchache. Bendi za Tanzania zilirekodi kanda Dar es Salaam, lakini santuri zenyewe zilichapwa hasa Nairobi, na mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983, njia hiyo ikabanwa. Kaseti ndiyo iliyolijaza pengo. Haikukwaruzika kwa urahisi katika vumbi la kiangazi, ilisafiri mfukoni, ilinakiliwa kutoka redioni au kutoka kaseti nyingine, na chombo chake kiliendeshwa kwa betri au kwa betri ya gari iliyochajiwa mjini. Kutokana nayo likapatikana disko vumbi, jina ambalo Watanzania waliliita disko la kijijini linalopigwa uwanjani au katika jengo lisilosakafiwa, ambamo vumbi huinuka kadiri watu wanavyocheza, na pamoja nalo disko toto, disko la mchana la watoto wakati wa sikukuu.

Inafaa kueleza kwa kina jinsi mwanafunzi wa wakati ule alivyojifunza, kwa sababu ujuzi wenyewe umekwisha kutoweka na waliokuwa nao wanazeeka. Alianza kwa kubeba spika, kufunga nyaya na kulinda betri, na mwalimu wake hakumfundisha kwa maneno, alimwacha aone. Kaseti ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, na wimbo uliotakiwa ungeweza kuwa katikati, hivyo mwanafunzi alipaswa kuukumbuka mpangilio wa kila kaseti, akajua kwamba wimbo fulani uko wa nne upande wa pili, na kwamba mkanda ukibaki unene wa kadiri fulani kwenye gurudumu la kushoto, mwanzo wa wimbo huo umekaribia. Ili asimalize betri kwa kurudisha nyuma, alitia kalamu ya biro katika tundu la kaseti na kuizungusha kwa mkono. Kisha aliitega, maana yake aliufikisha mkanda mahali ambapo ukibonyeza tu wimbo unaanza bila kimya kirefu, akakaa akisubiri ishara. Betri zilipoanza kuishiwa nguvu, mota ilipunguza mwendo na sauti ya mwimbaji ikazama, na mwanafunzi mwenye sikio zuri alilitambua jambo hilo kabla wachezaji hawajalitambua. Huo ulikuwa ufundi wa kumbukumbu na wa vidole, uliofundishwa kwa miaka, na aliyeumudu alistahili heshima ya fundi kama seremala au mwashi.

Jambo moja ambalo mwanafunzi huyo hakujifunza ni kuoanisha mapigo, ufundi ambao ulimwenguni kote ndio uliotumika kumtenganisha DJ stadi na mwanafunzi. Kuoanisha mapigo ni kuufanya wimbo unaoingia uende kwa mwendo ule ule wa wimbo unaotoka, ili ngoma za nyimbo hizo mbili zigonge pamoja na miguu ya wachezaji isipotee. Chombo kilichouwezesha zaidi kilikuwa mashine ya santuri ya Kijapani iitwayo Technics SL-1200, iliyotolewa mwaka 1972 na kuboreshwa mwaka 1979 kwa kuwekewa kitelezi cha kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8, kiasi kwamba wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika uliweza kushushwa hadi karibu 110 au kupandishwa hadi karibu 130. Mjini New York, kijana mzaliwa wa Jamaika aliyejulikana kama Kool Herc alitumia santuri mbili za wimbo mmoja mwaka 1973 kurefusha kile kipande cha ngoma ambacho wachezaji walikipenda, na sanaa nzima ya rapu na DJ wake ikatokea hapo. Mashine za kaseti za kawaida hazikuwa na kitelezi cha namna hiyo. Mbulu na Hanang zilitoka kwenye kaseti zikaingia kwenye diski na kompyuta bila kupita katika shule ya santuri mbili, na kuruka huko kulikuja kuwa na matokeo yake.

Dar es Salaam palikuwa na historia nyingine. Serikali, iliyoona disko na muziki wa kigeni kuwa tishio kwa utamaduni wa taifa, ilipiga marufuku muziki wa soul jijini humo mwezi Novemba 1969, lakini disko halikufa, na katika miaka ya 1980 na 1990 wapiga disko kama Joseph Kusaga, aliyeanzisha Clouds, walijenga biashara ambayo baadaye ilizaa kituo cha redio. Watangazaji wa Radio One kama Taji Liundi na Mike Mhagama waliwapa vijana wa nchi nzima muziki wa kizazi kipya, na Mhagama ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwasisi wa jina la bongo fleva. Kutoka Arusha, mkoa ambao Mbulu na Hanang zilikuwa bado ndani yake, kundi la X Plastaz liliweka uimbaji wa Kimaasai juu ya midundo ya kompyuta, na kwa kufanya hivyo likathibitisha kwamba sauti za wafugaji zingeweza kusikika katika disko bila kuonewa aibu. Kwa vijana wa Kibarbaig, ambao waliwahi kusimuliwa katika nyaraka nyingi za serikali kama watu waliobaki nyuma, mfano huo haukuwa mdogo.

Kompyuta ilifuata barabara na nguzo za umeme. Programu ya Virtual DJ, ambayo huonyesha kwenye kioo nyimbo mbili kana kwamba ni santuri mbili na kuzioanisha mapigo, ilitolewa mwaka 2003. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009 na kuanza kushusha gharama za intaneti. Barabara ya lami kutoka Singida kupitia Katesh hadi Babati ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010. Na Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, ulipeleka umeme katika vijiji ambavyo vilizoea jenereta. Katesh, iliyo kando ya barabara kuu, ilinufaika kwa urahisi zaidi kuliko miji ya juu ya Mbulu, ambako mvua za masika zimeendelea kuamua kama gari la mitambo litafika harusini au litakwama njiani.

Namna ya kujifunza ikabadilika. Mwanafunzi aliweza sasa kuanza na programu ya bure kwenye simu yake, akajizoeza usiku kwa visikilizio, akatazama masomo ya video kadiri bando lilivyomruhusu, na kusikiliza miksi, yaani mkanda mmoja mrefu wa nyimbo zilizounganishwa, za ma-DJ wa Kenya zinazopigwa kwenye mabasi. Nairobi kundi la Homeboyz lilifungua chuo cha kufundisha kazi hii. Uswahilini Dar es Salaam ma-DJ wa singeli, muziki wa kasi kubwa, walitumia programu hizo hizo kukata vipande vya nyimbo za zamani na kuviharakisha hadi mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, wakawa watunzi badala ya wapigaji, na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikazitoa kazi zao duniani mwaka 2017. Mwanafunzi wa Dongobesh mwenye simu na subira aliweza kugundua, kwa mfano, kwamba amapiano ya Afrika Kusini yenye mapigo 112 huingia vizuri katika singeli yenye mapigo 224, kwa sababu pigo moja la ile hubeba mapigo mawili ya hii. Maarifa hayo, ambayo zamani yangemhitaji kuishi mjini miaka kadhaa, yalimfikia nyumbani kwao.

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu, kwa sababu kitufe cha kuoanisha mapigo hufanya kazi vizuri pale tu programu inapoweza kuyahesabu mapigo hayo, nayo huyahesabu vizuri katika nyimbo zilizotengenezwa kwa kompyuta, ambazo mwendo wake haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Zilipendwa, yaani nyimbo za bendi za zamani, hazikutengenezwa hivyo. Bendi kama NUTA Jazz au Mlimani Park zilipiga pamoja studioni bila mashine ya kuwapimia mwendo, mpiga ngoma akaongeza kasi alipopata moto, na nyimbo nyingi zina sehemu mbili, ya kwanza ya kuimba polepole na ya pili iitwayo chemko, ambamo magitaa huchukua nafasi na watu huinuka vitini. Programu ikikadiria mwendo wa wimbo mzima kutokana na sehemu yake ya kwanza, itaukosea ifikapo chemko, na DJ anayekitegemea kitufe atasikia ngoma mbili zikigombana mbele ya wazee ambao ndio waliolipa. Ugumu huwa mkubwa zaidi kwa nyimbo za Kiiraqw na za Kidatooga, hasa zile zilizorekodiwa kwa simu harusini au kwenye ngoma, ambazo zimebebwa na sauti za watu, makofi na miguu inayoruka, hazina kinanda cha kuzishikia mwendo, zimerekodiwa kwa sauti ndogo, na mara nyingi zimeanza katikati ya wimbo.

DJ stadi wa wilaya hizi, kwa hiyo, ni yule anayefanya kazi kabla ya sherehe. Huufungua wimbo kwenye kompyuta, akatafuta pigo la kwanza kwa sikio, akaweka alama mahali chemko linapoanza, akapandisha sauti ya rekodi hafifu bila kuifanya ipasuke, akakata kelele za mwanzo na kuupa jina ambalo ataliona upesi usiku. Wimbo wa sauti tupu hauoanishi na chochote. Huuacha usimame peke yake, akashusha ule unaotoka taratibu na kuruhusu nafasi ya kupumua. Yote haya ni maarifa ya mkono na sikio ambayo mwanafunzi wa santuri mbili angeyapata kwa lazima, na ambayo mwanafunzi aliyeruka hatua hiyo anapaswa kujitafutia kwa makusudi. Anayeanza leo angefanya vyema kukizima kitufe hicho kwa miezi yake ya kwanza.

Baada ya hapo hubaki kuwasoma watu. Sherehe za harusi, za kumuaga binti na za kipaimara, ambacho ni ibada ya kanisani inayopewa uzito mkubwa na Wakatoliki na Walutheri wa Mbulu, huwa na ratiba inayoongozwa na mshereheshaji, na DJ hufuata kauli yake: wimbo wa kuingia maharusi, wa keki, wa zawadi, wa kila ukoo unapoitwa mbele. Waumini wengi hawataki nyimbo za dunia zipigwe kabla ya sala ya mwisho, wengine hawazitaki kabisa, na kwa sababu hiyo nyimbo za injili zimekuwa sehemu kubwa ya akiba ya DJ wa huku kuliko ya mwenzake wa mjini. Ukoo wa Kidatooga unapoinuka kutoa zawadi ya ng'ombe, wimbo wa Kiiraqw haufai, hata uwe mzuri namna gani. Wageni kutoka Singida nao husubiri kusikia lugha yao angalau mara moja. Hakuna video ya intaneti inayofundisha jambo hili, na hujifunzwa bado kwa kukaa nyuma ya aliyetangulia.

Kuhusu sheria yatosha kusema kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inataka muziki unaopigwa hadharani ulipiwe, na kwamba Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, ndilo lenye jukumu la kusimamia shughuli za sanaa. Lenye uzito zaidi kwa historia hii ni lugha. Kanuni za utangazaji za Tanzania zinavitaka vituo vyenye leseni vitumie Kiswahili au Kiingereza, na utaratibu huo, ambao umesaidia kuliunganisha taifa, umeziacha nyimbo za Kiiraqw na Kidatooga bila makao ya kudumu hewani. Makao yao yamekuwa memori kadi, flashi na kompyuta za ma-DJ. Katika mafaili hayo, ambayo mengi yana jina la tarehe na namba iliyotolewa na simu, zimo sauti za waimbaji waliokwisha kufariki na nyimbo za sherehe ambazo hazijaandikwa popote, zilizokusanywa na vijana ambao hawakuajiriwa na taasisi yoyote kuzitunza. Maofisa utamaduni wa halmashauri za Mbulu na Hanang wanapaswa kuanza kuzinakili sasa, kwa ridhaa na malipo ya wenye kazi, wakiandika ni nani aliimba, wapi na katika sherehe gani, na wakiwaita ma-DJ wenyewe kuwa wataalamu wa kwanza wa kuulizwa, kwa kuwa flashi na diski za kompyuta huharibika bila kutoa taarifa.